Raga ya Watu Wasiogusana

Watu wa siku hizi wananikera. Nikisema nilicheza raga Kisii zamani za Mkoloni, wajukuu wanaangaliana, mmoja anauliza kama tulitumia boga. Raga, wananifundisha, ilikuwa ya Wazungu na ya shule kubwa za Nairobi. Sawa. Mimi nina pengo upande wa kushoto, na jino lile halikung'olewa na daktari. Asiyeamini aje anitazame mdomoni.

Nilizaliwa mjini Kisii, nyuma ya chumba ambacho baba yangu alishonea suruali. Wazazi wangu ni watu wa ziwani. Nyumbani tulisema lugha ya kwetu, sokoni Kiswahili, na Ekegusii, lugha ya wenyeji, nilikisikia chote ila nilikisema vibaya, kwa hiyo watu walijadili siri zao mbele yangu wakidhani nimesimama tu kama gogo. Nilipomaliza shule nikapata ukarani katika kambi ya barabara. Kambini kulikuwa na mafundi, madereva, waashi, na mhandisi mmoja Mzungu, kijana mrefu mwembamba asiye na mke wala mbwa. Nadhani upweke ndio uliomfanya atuletee mpira.

Mpira wenyewe ulikuwa na ncha mbili. Fundi seremala wetu aliuzungusha mikononi, akaugongagonga kwa kidole, akatoa hukumu kwamba umeharibikia njiani. Mhandisi akatueleza kwa Kiswahili chake cha kuamrisha. Mpira unarushwa nyuma, mtu anakimbia mbele. Anayekimbia na mpira anaangushwa. Watu wanane wanainama, wanashikana, wanasukumana vichwa na wanane wa upande wa pili. Hiyo inaitwa skramu. Ukifika mwisho wa uwanja ukauweka mpira chini, umepata trai, pointi tatu. "Rahisi sana," akasema. Rahisi kwa nani? Yeye alikuwa amekuja peke yake Kisii, hana hata binamu.

Tulikwama jioni ile ile ya kwanza. Mhandisi alipanga skramu kwa uzito wa watu. Seremala, aliyekuwa na mwili wa haja, akawekwa mbele. Nyuma yake akawekwa mwashi mmoja, akaambiwa apenyeze kichwa baina ya paja la seremala na paja la mwenzake. Mwashi alisimama wima. Akatazama mapaja. Kisha akatoka uwanjani, akaenda kukaa chini ya mti wa muwati, akatupa mgongo.

"Nini shida? Yeye mgonjwa?" mhandisi akauliza.

"Si mgonjwa, bwana," nikamwambia. "Yule seremala ni baba yake."

"Baba? Lakini wao karibu sawa!"

Haya, kwa msomaji asiyetoka huku nitaeleza mara moja, wala sitarudia. Mgusii ana kitu kinaitwa chinsoni. Ni heshima yenye aibu ndani yake. Baba na mwana hawataniani, hawaonani miili, hawagusani ovyo. Na baba si aliyekuzaa tu. Ni kila mwanamume wa kizazi cha baba yako katika ukoo, hata kama mlinyonya mwaka mmoja. Babu na mjukuu, hao wana ruhusa, wanaweza kutukanana matusi ya nguoni kutoka asubuhi mpaka jioni na watu wakacheka. Ndugu kwa ndugu pia hakuna neno. Lakini baba unampisha njia, basi. Na mkwe ndiye wa kuogopwa kabisa. Ukimwona baba wa mke wako anakuja huku, wewe unapita kule, hata kama kule ni mtoni.

Kambini kwetu jambo lilikuwa zito zaidi kwa sababu aliyeajiriwa kwanza alimwita mdogo wake, mdogo akamwita mpwa, na mpwa hakuja mikono mitupu. Katika wachezaji kumi na watano, kumi na mmoja walikuwa ukoo mmoja. Umri nao haukusaidia kitu. Dereva wetu wa lori, kijana wa miaka ishirini na miwili ambaye kidevu chake hakijaota hata unywele, alikuwa babu wa seremala aliyekwisha kupita arobaini, maana alitoka katika nyumba ya mke mdogo wa mzee mmoja aliyeendelea kuzaa hadi meno yakamwisha. Seremala alimwita "sokoro," yaani babu, na kila Jumatatu alimletea ndizi. Yule mpuuzi akazipokea bila haya.

Ikabidi timu ipangwe upya, na si kwa uzito. Tulikaa siku tatu tukihesabu vizazi. Mimi karani ndiye niliyeandika. Nilichukua ramani kuukuu ya barabara, nikageuza upande mweupe, nikachora wachezaji wote. Penseli nyekundu, hawagusani. Penseli ya buluu, ruksa. Ilipomalizika skramu yetu ilikuwa na babu wanne na wajukuu wanne, wote wembamba, wakitukanana kwa furaha huku wanasukumwa nyuma na upepo. Watu wetu wazito walikuwa baba za watu, wakatawanywa pembeni. Seremala tulimpeleka pembe ya mwisho kabisa ya uwanja, kwa wale wanaotakiwa kuwa na mbio, kwa sababu kule hakuna wa kumgusa. Alikubali kwa sharti moja: kaptula havai. Alicheza na suruali ndefu, koti, na kofia yake ya kanisani.

Mimi mtu wa ziwani sikuwa mwana wa yeyote pale. Niliweza kumgusa kila mtu. Kwa hiyo mhandisi alinipanga nyuma kabisa, mlinzi wa mwisho, na wenzangu walifurahi mno. Katika mazoezi, akija baba wa mtu na mpira, mwana anakwepa kwa adabu huku anapaza sauti, "Karani! Karani, njoo umshike baba!" Nami nakuja mbio, namshika baba. Niliangusha baba za watu mwaka mzima. Nikajiona nina thamani.

Sasa kuhusu kurusha mpira. Je, baba hutupiwa kitu? Mbwa ndiye hutupiwa. Baba hupewa kwa mikono miwili, umeinama kidogo. Kwa hiyo ikawa hivi: mwana akiwa na mpira hawezi kumrushia baba aliye karibu naye, anamrushia babu yake aliye upande ule mwingine, babu anamrushia mjukuu mbali huko, mjukuu anamzunguka mtu nyuma, anampa ndugu yake, ndugu anausukuma chini ya mguu kwa babu, na babu, ambaye hana deni la heshima na yeyote, ndiye anayemletea seremala. Mpira ulikwenda kushoto ukarudi kulia ukapinda nyuma ukapasua katikati. Adui alizunguka hadi akapata kizunguzungu. Jamani, ilipendeza! Sitasema uongo, mimi mwenyewe nilikuwa nikisahau kucheza nikabaki kuangalia.

Mhandisi karibu apatwe na wazimu wa furaha. Siku moja aliiona ile ramani yangu mezani, mistari myekundu na ya buluu. Akaikodolea macho muda mrefu.

"Nani alitengeneza hii mbinu?"

"Babu zao, bwana."

Akaandika barua kwa rafiki zake. Wakaja Wazungu watatu kutoka mashamba ya chai ya Kericho, wakakaa kwenye viti vya kukunja, wakapiga makofi. Mmoja akasema kwamba hajaona mashambulizi ya namna hiyo hata kwao Ulaya. Halafu wakaona mwisho wake. Mwana fulani, kwa kusahau, alimrushia baba yake mpira kifuani. Baba yule akasimama, mikono chini, akauacha umgonge na kuanguka. Alipokwisha kuanguka akauokota polepole, akaupangusa. Mtu mzima hadaki kitu kilichotupwa. Wale Wazungu wakacheka hadi chai ikawamwagikia.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Kushambulia, hatukuwa na mfano. Kudaka, kushika, kuangusha, kusukuma, yaani yale ambayo mtoto wa Kizungu hufundishwa siku ya kwanza, sifuri. Mhandisi alijaribu. Alitupanga mistari miwili akapiga kelele, "Daka! Tupa! Daka! Tupa!" Wakadaka waliotupiwa na ndugu zao. Waliotupiwa na wana zao wakamtazama mhandisi kwa huruma. Mwaka mzima hatukupata trai hata moja.

Wapinzani wetu walikuwa kambi ya Nyamira, maana hapakuwa na wengine. Na Nyamira walikuwa kinyume chetu kwa kila kitu. Msimamizi wao, Mzungu mfupi mwenye kipara, alikuwa ameajiri watu waliotahiriwa mwaka mmoja, marafiki wa kuitana. Wote rika moja! Wote ndugu! Wanaume wa miaka thelathini na minane, arobaini, vifua kama milango. Wanashikana wapendavyo. Hawakuwa na mtindo wowote. Walishika mpira, wakainama, wakasukuma moja kwa moja kama maksai kwenye plau, wakauweka chini, wakarudi kwao. Mara mbili tulicheza nao, mara mbili walitulima. Walitazama mashambulizi yetu jinsi mtu anavyotazama ngoma ya harusi isiyomhusu, wakingoja tudondoshe.

Katika mwaka huo huo nilipenda. Lori letu lilikuwa likisimama Keumbu kuchukua vibarua, na asubuhi moja kulikuwa na mwalimu wa kike akingoja lifti, ana sanduku la chaki kichwani na mwavuli mkononi. Alifundisha darasa la kwanza katika shule ndogo karibu na Ikonge. Nilimpisha kiti cha mbele, mimi nikapanda nyuma na kokoto. Dereva, yule babu asiye na ndevu, akanicheka njia nzima. Sitaeleza yaliyofuata, ni yangu. Ila nitasema kwamba miezi sita baadaye sikuweza kula vizuri, na mama yangu alidhani nina minyoo.

Yeye alinipenda pia, alisema wazi. Kikwazo kilikuwa baba yake. Sikuwahi kumwona. Nilijua tu kwamba ni nyapara wa barabara ya Ikonge na kwamba watu wanamwogopa, basi kichwani nikamchora mzee mwenye fimbo na mvi. Alikuwa amesikia habari zangu na hakunitukana. Alisema neno moja tu, na mwalimu wangu aliniletea neno hilo jinsi lilivyo.

"Baba anasema, mtu wa ziwani anaweza kuwa mtu mzuri, lakini hana chinsoni. Anasema, 'Huyo akinikuta njiani atanipiga bega apite. Nitawezaje kuwa na mkwe wa kunipiga bega?'"

"Mwambie mimi nina adabu zangu."

"Nimemwambia. Amesema atajibu baada ya wimbi kuvunwa. Akikataa, mimi siwezi kumvuka. Usinidanganye, na wewe usijidanganye."

Wimbi lilikuwa limeanza kukauka mashambani. Kila nilipopita kwenye lori nililitazama kwa hofu.

Mechi ya tatu ilikuwa Nyamira, siku ya Jumatano. Mhandisi alitaka Jumamosi, nusu ya timu ikasema ni Sabato. Akasema Jumapili, ile nusu nyingine ikasema wewe ni mpagani? Kwa hiyo Jumatano, kazi ikafungwa. Uwanja ulikuwa ubavuni mwa mlima, kwa kuwa Nyamira Mungu hakuleta tambarare. Ukicheza upande wa chini, mpira ukikuponyoka unaufuata hadi kwenye shamba la pareto la watu. Shule za karibu zilikuja kutazama. Nilimwona mwalimu wangu na wenzake wakipanga vyungu vya uji, nikajipanga vizuri na mimi, nikavuta soksi.

Mhandisi akawa mwamuzi, maana hakuna mwingine aliyejua sheria zote. Mchezo ukaanza na mambo yakawa yale yale. Sisi tunafuma na kufumua, watu wanashangilia, mpira unadondoka. Wao wanaokota, wanasukuma. Kisha mtu wao mmoja mgeni, ambaye hakuwepo mechi zilizopita, namba nane mgongoni, akatoka kwenye skramu na mpira kwapani. Jibaba la nguvu. Babu zetu wakamrukia wakaanguka kama kuku. Wote wakaniita, "Karani! Karani!"

Nilimwendea. Na hapa niacheni nijisifu, maana sijapata kufanya kitu kizuri kama kile tena kwa mwili huu. Niliinama, nikamkumba magotini kwa bega, nikayakumbatia mapaja yake, nikayafunga, nikamwinua, tukaenda chini naye mgongo ukapiga ardhi puu! Kiwiko chake kikaondoka na jino langu. Mpira ukaruka. Mhandisi akasahau kwamba yeye ni mwamuzi, akapiga makofi. "Sawasawa! Hiyo! Hiyo ndiyo!" Mwaka mzima alingoja kuona mtu wa kwetu akimwangusha mtu kama inavyotakiwa. Namba nane alikaa chini, amejaa udongo, akanitazama kwa mshangao. Nikamsaidia kuinuka. Nikampangusa makalio.

Mapumziko yakafika hatujafungana. Nikaenda kwenye vyungu, natema damu, natabasamu. Mwalimu wangu akanipa kikombe cha uji bila kuniangalia, kwa kuwa watu walikuwepo.

"Umeona?" nikamuuliza.

"Nimeona. Unajua umemwangusha nani?"

"Namba nane."

"Namba nane ndiye aliyenizaa."

Nikadhani uji umenipalia. Nikamwambia baba yake ni mzee. Akasema hakuwahi kuniambia ni mzee, alisema ni nyapara. Mwenzao mmoja ameugua malaria na rika lake limemwita aje kujaza nafasi, na jana usiku mwalimu wangu mwenyewe ndiye aliyemshonea ile namba mgongoni. Hakujua kama mimi nitagusana naye, kwa sababu nilimwambia mimi husimama nyuma. "Umemshika mapaja," akasema. "Umempangusa." Akachukua kikombe mkononi mwangu kabla sijamaliza, akaondoka.

Mungu wangu! Nilitaka ardhi ya Nyamira ifunguke. Nikamtafuta seremala, aliyekuwa amekaa peke yake na kofia yake, nikamweleza kila kitu. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea, akafunika uso kwa kofia na mabega yakatikisika. Alipoitoa kofia macho yalikuwa na machozi ya kucheka.

"Wazee husema tunaoana na wale tunaopigana nao," akasema. "Lakini huwa hatupigani siku hiyo hiyo."

"Nifanye nini, mzee?"

"Yeye hakujui kwa sura, wala wewe hukumjua. La kwanza ni la bahati mbaya, linaoshwa kwa mbuzi. La pili ndilo litakalokumaliza. Akija tena upande wako, ondoka njiani. Simama pembeni, geuza uso, macho chini, mikono itulie. Usimwamkie. Usicheke. Subiri apite."

"Akipita si atafunga?"

"Atafunga."

"Na timu?"

Akavaa kofia. "Mimi nataka kushinda kuliko wewe. Mwaka mzima nimevaa koti kwenye jua. Lakini umeniuliza jambo la chinsoni, hukuniuliza la mpira."

Kipindi cha pili nilicheza nikiwa mtu aliyepoteza akili. Naomba Mungu mpira usije kwangu. Na ndipo, kwa ukorofi wa dunia, timu yetu ikaamua kupata trai yake ya kwanza. Mpira ulipita kwa babu na wajukuu, kushoto, kulia, nyuma, ukamfikia dereva kule pembeni. Dereva akasimama, akaupeleka kwa seremala kwa mkono mmoja, kama babu anavyompa mjukuu. Seremala akaupokea, akauweka kwapani ndani ya koti, akaanza kutembea. Nasema kutembea. Watu wa Nyamira waliona mtu mzima, koti, suruali ndefu, kofia, anatembea kwa utaratibu, wakadhani ni mzee wa kanisa anakatiza uwanja kwenda kwake. Wawili walimpisha. Mmoja alimwamkia, naye akaitikia. Akafika mwisho wa uwanja, akainama, akatoa mpira kwenye koti, akauweka chini, akajipangusa magoti.

Kelele zilizopigwa! Mhandisi alipuliza firimbi hadi pumzi ikamwisha. Msimamizi wa Nyamira alipinga, akasema yule ni mtazamaji. Mhandisi akamwonyesha namba, ilikuwa imebandikwa chini ya koti. Tatu kwa sifuri. Babu zetu walilia waziwazi. Dereva alinikumbatia akaniambia, "Karani, linda tu sasa. Dakika tano. Linda tu, watoto wetu watasimuliwa."

Dakika tano ni ndefu. Nyamira wakasukuma, wakasukuma, na namba nane akachomoka.

Alikuja akiteremka mlima, na mbele yake nilikuwa mimi tu. Nyuma yangu mstari. Nikasikia wenzangu wote ila seremala wakiniita kwa sauti moja, "Karani! Mwangushe!" Nikamsikia dereva peke yake, "Karani, tafadhali!" Waliwahi kuniomba mengi, lakini tafadhali hawakuwahi. Magoti yake yalikuwa yanakuja pale pale nilipoyakuta mara ya kwanza, na mwili wangu ulijua la kufanya. Nilitamani. Naungama, nilitamani kumwangusha hata kuliko nilivyotamani kula.

Nikatoka njiani. Nikasimama pembeni, nikageuza uso, nikatazama majani. Mikono nikaibana mapajani isije ikafanya jambo lake yenyewe. Uwanja mzima ukaguta. Nikangoja miguu yake ipite.

Haikupita.

Nilisikia inapunguza mwendo, nzito, halafu inasimama. Nikasikia pumzi. Sikuthubutu kuinua macho, lakini kwa pembeni niliona viatu vyake vikigeuka, vidole vikielekea kule, visigino vikija huku. Na yeye amenipa mgongo! Chinsoni ni ya watu wawili. Mkwe hukwepwa, na mkwe naye hukwepa. Tukasimama pale, hatua nne kutoka mstarini, kila mtu na upande wake, na mpira kwapani mwake. Wale wa Nyamira walielewa kwanza. Waliacha kukimbia, wakasimama walipo, mmoja akavua kofia. Mhandisi aliangalia saa, akaangalia firimbi, akafungua kitabu cha sheria alichokuwa nacho mfukoni.

Seremala akaja kwa mwendo wake ule ule, akasimama katikati yetu.

"Mzee," namba nane akamwambia, akitazama pareto, "huyo ndiye karani wa ziwani?"

"Ndiye."

"Ndiye aliyeniangusha?"

"Hakukujua. Alipojua, uji ulimshinda."

"Nani amemfundisha kusimama hivyo?"

"Nimemwambia mara moja tu," seremala akasema. "Mengine amejua mwenyewe."

Kutoka kwenye vyungu sikusikia sauti yoyote, nami nilijua ni nani aliyekuwa amejiziba mdomo kule. Baba yake akainama, akauweka mpira kwenye majani nyuma ya visigino vyake, taratibu, akasogea hatua mbili mbele.

"Mwambie alete wazee wake Jumapili, na mbuzi. Na mwambie mwanangu mpira ni wake."

Seremala akanigeukia, ingawa nilikuwa nimesimama mkono mmoja kutoka kwake na nimesikia kila neno. "Baba yako anasema mpira ni wako."

Mwanangu. Nilikuwa na mikono bora kuliko wote katika timu ile, mhandisi mwenyewe alishasema. Nikainama, nikauokota kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kwa mzee, na macho yakanijaa, na mpira ukaniponyoka mbele, ukadunda kwa ncha yake moja, ukateremka mlima kwenye pareto. Firimbi ikalia, maana mpira ukikuponyoka mbele ni kosa. Skramu, mpira wa Nyamira, hatua nne kutoka mstari wetu. Wenzangu wakashika vichwa. Sote tulijua babu wanne na wajukuu wanne watasukumwa hadi mtoni.

Mkwe wangu hakugeuka. Akamwambia seremala, "Mwambie asije akamshika binti yangu kama alivyoushika mpira huo."

Seremala akaniambia.

"Mwambie nimesikia," nikasema.